Maneno Matatu Niliyoyaruka

Ukiniita mara moja sigeuki. Watu wa Kibiti wanaofika dukani kwetu wamelizoea hili. Wanaita mara ya pili, na mwenye haraka anagonga kaunta kwa funguo. Mwanzoni walidhani nina maringo. Baadaye wakaamua kwamba sisikii vizuri, na mama anayeuza chapati mlango wa pili akaniletea mafuta yaliyochemshwa na vitunguu saumu nitie masikioni. Nikayapokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikayakaangia mayai.

Duka lenyewe ni steshenari. Tunatoa kopi, tunachapa barua za kuomba kazi, tunapiga picha za pasipoti mbele ya shuka la bluu. Nimesoma mpaka kidato cha nne na matokeo yangu si ya kutundika ukutani, lakini vidole vyangu ni vyepesi na maneno nayapenda. Nikichapa barua ya mtu anayeomba udereva, najiona mimi nimeshika usukani naingia Songea. Nikichapa kadi ya harusi, nanusa pilau. Bosi wangu husema siku nitakayopunguza kuota, nitapunguza na makosa.

Sasa niseme kwa nini sigeuki.

Nimezaliwa Salale, huko Delta, kwa watu wanaokata mikoko. Mkokoni kuna adabu zake, na moja ni kwamba mtu haitwi jina. Mwenzako akiwa mbali unapiga ukelele mrefu, "huuu", naye anakujibu kwa viwili vifupi. Ikitokea umesikia jina lako limeitwa humo mara moja, unanyamaza. Binadamu mwenye shida ataita tena, na tena. Yule mwingine, ambaye wazee hawapendi kumtaja ni nani, anaita mara moja tu, na ukiitikia umejikabidhi. Unangoja mpaka mara ya tatu. Hayo nilifundishwa na kaka yangu, siku ya kwanza aliponichukua kwenda naye kukata, na akanitahini njia nzima kama mwalimu wa madrasa.

Nilikuwa na miaka kumi na tano, yeye ishirini na moja. Ilikuwa siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi, na sisi tulikuwa tumechelewa kwenye kukata pau, zile fito za kuezekea. Mtumbwi tulikuwa tumeufunga kijito cha pili, kwa kuwa hiki cha karibu kilikuwa tope tupu wakati tunaingia. Maji yalipoanza kurudi kaka akaniambia, "Funga mizigo, nafuata mtumbwi. Na usije ukasinzia hapo ukaota unaoa." Nikacheka. Akaenda anaruka mizizi, shoka begani.

Nilifunga mizigo yote. Maji yakanifika magotini, nikapanda juu ya mizizi. Yakafika mizizi, nikapanda kwenye tawi. Hapo ndipo nikasikia jina langu. Lilikuwa lile la utotoni, la nyumbani, ambalo nje ya ukuta wetu hakuna aliyelijua. Liliitwa mara moja, kutoka upande wa kijito, kulia kwangu. Siku nyingine naikumbuka kama sauti ya mtu mwenye maji mdomoni, siku nyingine naikumbuka kama sauti ya kawaida tu, ya mtu anayetaka umpe kitu. Nikafunga mdomo. Nikaukumbatia mti na kungoja mara ya pili, haikuja. Kisha nikajisifu. Nilijisifu moyoni kwamba nimeshika adabu vizuri na kwamba nitamhadithia kaka akija.

Niliokotwa alasiri na wakataji wengine. Mtumbwi ulionekana kesho yake umekwama kwenye mikoko ya chini, haukupinduka, kafi imo ndani. Kaka hakuonekana. Walitafuta siku sita.

Walioona mtumbwi umekaa sawa walianza kusema. Kaka alikuwa na wimbo wake wa kila siku wa kwenda Dar, na siku ile ile boti ya magogo ilikuwa imepita mlangoni mwa bahari. Labda kaomba lifti, kaachia mtumbwi. Baada ya miezi, mtu akaapa kamwona Mbagala amevaa kofia nyekundu. Mama aliyakamata hayo kwa meno. Sheikh wetu alipokuja kuzungumza naye habari za kumswalia, kwamba maiti asiyepatikana huswaliwa kwa mbali, mama alimjibu mbele yangu.

"Sheikh, nani kamwona akifa?"

"Hakuna, mama."

"Nani kamsikia?"

Sheikh akanigeukia. "Wewe kijana ulikuwa karibu. Hukusikia lolote?"

Nikasema, "Sikusikia."

"Basi," mama akasema, "mimi mwanangu aliye safarini simswalii swala ya maiti."

Akakataa mkeka wa matanga, akakataa hata kuambiwa pole. Mtu akimwambia pole anamjibu, "Ya nini? Nimejikwaa wapi?" Miaka minane ikapita hivyo. Kila mgeni anayetoka Dar anaulizwa kama amekutana na kijana mrefu mwenye kovu la shoka kwenye kidole gumba. Na mimi, ambaye neno langu moja lingeweza kufunga au kufungua jambo lile, nikaenda Kibiti kuchapa maneno ya watu.

Mwinjilisti aliingia dukani mwaka wangu wa pili pale. Ni mtu mzima, mrefu, wa kutoka bara, anavaa koti hata Januari. Kanisa lake ni la mabati na waumini wake hawajazi benchi sita. Kila Alhamisi huleta daftari lenye somo la Jumapili, nimchapie na kumtolea kopi. Ujanani alisoma chuo cha Biblia na huko akapata ugonjwa, ndivyo anavyouita mwenyewe, wa maneno ya Kiebrania. Hawezi kumaliza ukurasa bila kuchomeka moja, ameliandika kwa herufi zetu, na pembeni ameeleza maana yake.

"Mwislamu wangu, umeshindaje?"

"Shikamoo mzee. Wiki hii mitume wanasemaje?"

"Marahaba. Wanasema uache kuwaandika kwa mwandiko wa kadi ya harusi. Mara ya mwisho Musa alionekana kama anaalika watu kwenye ngoma."

Tukawa marafiki wa namna hiyo. Mimi namwuliza mambo ya manabii, naye ananiuliza sisi tunasimuliaje. Yusuf ni yule yule, Nuhu ni yule yule, tofauti ziko kwenye pindo. Nilipenda maneno yake yale ya zamani. Yalikuwa na ladha ya Kiarabu cha madrasani kwetu, kama ndugu wawili waliolelewa nyumba tofauti, mmoja unamjua, mwingine unamtambua kwa kutembea.

Alhamisi moja neno lilikuwa *hineni*. Aliandika kwamba maana yake ni "mimi hapa", na kwamba ndilo itikio la watu wa Mungu wanapoitwa. Ibrahimu aliitwa, akasema *hineni*. Mtoto Samweli aliitwa akiwa amelala hekaluni, akainuka kwa ule wito wa kwanza, akakimbia kwa kuhani aliyemlea akisema *hineni*, kumbe hata si mzee aliyemwita, ni Mungu. Kwetu mtoto hufundishwa kuitikia "labeka" au "naam" kabla hajajua kufunga kamba za viatu, kwa hiyo nililielewa neno lile haraka mno. Vidole vikasimama.

Mwinjilisti akanyanyua uso. "Umeme umekatika?"

"Haujakatika." Nikajitia kutafuta herufi. "Mzee, na ambaye hakuitikia?"

"Wapo. Adamu alipoitwa alijificha kwenye miti."

"Aliitwa mara ngapi?"

Alicheka kidogo, akadhani nafanya mzaha. "Mara moja tu. *Ayeka*, uko wapi. Mungu hakurudia."

Wiki ile sikulala vizuri, na mchana nikawa nakosea hata picha za pasipoti. Nikamkata mwalimu mmoja paji la uso. Nilikuwa najua siku zote kwamba kaka ndiye aliyeita. Najua, ila nilikuwa nimeufunika ujuzi huo kwa ile adabu ya mkokoni, nikasema nilifanya nilivyofundishwa, na yeye ndiye aliyenifundisha. Sasa nilikuwa na picha ya mtoto anayeitwa na kukimbia, na picha ya mtu mzima aliyejificha kwenye miti, na sikuhitaji kuuliza mimi ni yupi. Nikipita sokoni nasikia jina la nyumbani katikati ya makelele ya wauza nyanya. Nikitawadha nalisikia kwenye maji ya bomba. Mara moja, halafu basi.

Hata hivyo daftari la Alhamisi nililingoja. Sijui niseme nilikuwa natafuta nini. Mtu anayeumwa jino haachi kuligusa kwa ulimi.

Mwezi uliofuata somo lilikuwa la Hajiri, ambaye wao humwita Hagari. Alifukuzwa na mwanawe kwenda jangwani. Maji yakawaishia kwenye kiriba. Akamlaza mtoto chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali, umbali wa mshale unaporushwa, asimwone akifa. Akalia huko aliko. Mwinjilisti alikuwa ameandika kurasa tatu na bosi alitaka mashine iachwe kwa fomu za watu wa ufuta, kwa hiyo nilichapa mbio. Nilipofika mahali malaika anapomwambia mama yule kwamba Mungu ameisikia sauti ya mtoto, daftari liliendelea: pale alipo. Na pembeni, *baasher hu sham*, maneno matatu. Nikaona yamezidi. Kama kasikia, kasikia. Mahali pa nini? Nikayaruka, ukabaki ukurasa mmoja safi usiomwagika.

Ijumaa asubuhi mwinjilisti alirudi na kopi mkononi.

"Kijana, umeniibia."

"Nini tena, mzee?"

"Maneno matatu. Nimeyatafuta mpaka chini ya kiti."

"Yale ya 'pale alipo'? Niliona yanarudia tu. Ukurasa ulikuwa unamwagika."

"Ungemwaga mengine yote ukaniachia hayo." Akavuta kiti cha picha za pasipoti akakaa mbele ya shuka la bluu, kana kwamba anangoja kupigwa. "Hebu sikiliza. Katika kisa kile nani analia?"

"Mama."

"Mtoto je?"

Nikafikiri. "Hajaandikwa kulia."

"Hajaandikwa. Kalazwa kwenye kichaka, mama yake mwenyewe kaziba njia ya kumwona. Hakuna binadamu aliyemsikia. Lakini Mungu hasemi nimesikia sauti yako wewe mama. Anasema nimeisikia sauti ya kijana. Wapi? Si kisimani, kisima hawajakiona bado. Si pale mama alipokaa. Si pale ambapo angepaswa kuwa. *Sham*, huko huko. *Hu*, yeye. Pale alipo yeye." Akanyoosha kopi juu ya goti lake. "Wewe unasema mahali pa nini. Mahali ndiyo habari yenyewe."

Nikamwuliza kusikia kwa Kiebrania ni nini. Akasema *shama*, na ndimo lilimo jina la mtoto yule, Ismaili, Mungu husikia. Sisi kila tunapoinuka kutoka kwenye rukuu tunasema *samia*, Mungu amemsikia anayemsifu. Nimelisema neno hilo tangu nikiwa na meno ya maziwa, mara kumi na saba kwa siku nisipokuwa mvivu, na sijawahi kufikiri kwamba linamhusu mtu aliye ndani ya maji.

"Mzee," nikasema, "kama mtu ameita, na aliyeitwa akanyamaza?"

Safari hii hakucheka. Alinitazama mpaka nikajifanya kupanga karatasi.

"Aliyenyamaza ana lake la kujibu," akasema. "Lakini usiniambie aliyeita hakusikiwa. Hilo silipokei."

Nikamchapia upya, bila kumtoza. Maneno matatu nikayarudisha.

Jumapili bosi alinipa ruhusa. Nikapanda bodaboda mpaka Nyamisati, nikapata boti ya wavuvi wa kamba, nikafika Salale maji yakiwa bado yamejaa. Mama alikuwa uani, ametandaza uduvi juu ya neti kuukuu, anaupindua kwa mkono. Magoti yake siku hizi hayapendi kukunjwa, kwa hiyo amekaa amenyoosha miguu kama mtoto.

"Baba, umekuja bila kusema," akaniambia. "Umefukuzwa kazi?"

"Sijafukuzwa."

"Umempa mtu mimba?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Umekuja na uso wa mtu aliyevunja kitu."

Nikakaa kwenye mchanga karibu na neti. Nilikuwa nimejipangia maneno kwenye boti, mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Yote yakaenda. Nikasema, "Siku ile mkokoni nilisikia. Sheikh aliponiuliza, nilidanganya. Kaka aliniita."

Mkono wake ulisimama juu ya uduvi.

"Alikuita."

"Kwa jina la nyumbani. Mara moja."

"Jina."

"Jina, mama. Mkokoni. Nikanyamaza, nikangoja mara ya tatu."

Kuku akaja akadonoa uduvi, na mama, ambaye kwa uduvi wake angempiga hata imamu, hakumfukuza. Kisha akasema, "Ita kama alivyoita."

Sikutaka. Akarudia. Nikafumba macho nikaita jina langu mwenyewe pale uani, kwa sauti ile, ile yenye maji. Nilipofumbua macho alikuwa amegeuza uso kuelekea mikokoni.

"Upande gani?"

"Kijito cha pili. Maji yalikuwa yameshapita mizizi."

"Na baada ya hapo?"

"Hakuna."

Akaanza kupindua uduvi tena, taratibu, kidogo kidogo. "Mtu anayekwenda Dar hamwiti mdogo wake kwa jina la nyumbani," akasema. Alisema kama anayejisomea hesabu iliyokwisha patikana. Halafu, "Yeye ndiye aliyekufundisha kunyamaza?"

"Yeye."

"Basi ulimtii kaka yako. Hilo sina neno nalo." Akainua uso. "Lakini mimi umeninyamazia miaka minane, na mimi nilikuwa nakuita kila siku. Hilo nina neno nalo, na sijajua bado neno gani. Usinibembeleze."

Sikumbembeleza. Nilikaa. Baadaye, jua liliposogea na tukavuta neti pamoja kulifuata, nilimhadithia habari ya Hajiri kama nilivyoichapa. Kisa anakijua kuliko mimi; aliniwahi kwenye vilima na mbio za mama yule, na kwenye chemchemi ya Zamzam. Lakini ile ya malaika hakuwahi kuisikia hivyo. Nikamwambia maneno ya Mkristo wangu, kwamba mtoto alisikiwa pale alipo.

"Pale alipo," mama akasema.

"Ndivyo walivyoandika."

"Miaka yote namwomba Mungu anionyeshe alipo." Akapukuta magamba ya uduvi kwenye kanga. "Kumbe Yeye hakuwa anatafuta."

Usiku alilala mapema, au alinyamaza mapema. Jumatatu hakunisemesha zaidi ya mambo ya chumvi na kuni. Jumanne aliniambia nimwinue, akafunga kanga ya pili, akatembea mwenyewe mpaka kwa sheikh, mimi nyuma yake. Pale mlangoni akanisukuma mbele niseme. Nikasema tena mbele ya mtu wa pili, na mara ya pili haikuwa nyepesi kuliko ya kwanza. Sheikh hakunikaripia. Aliuliza yale yale aliyouliza mama, upande gani, maji yalikuwa wapi, akatikisa kichwa, akamwuliza mama, "Umeridhika?"

"Sijaridhika," mama akasema. "Lakini amekufa. Mswalieni."

Nilimpigia bosi simu nikaomba siku tatu zaidi, akaguna, akanipa. Ijumaa baada ya swala ya Ijumaa sheikh akatangaza kwamba iko swala ya maiti asiyekuwepo. Akamtaja kwa jina lake na la baba. Watu waliokwisha shika viatu wakavirudisha chini. Mbele yetu hapakuwa na jeneza wala sanda, palikuwa na kipande cha mkeka kilichochakaa na feni iliyoegemezwa ukutani. Nikasimama safu ya kwanza. Swala ya maiti haina rukuu, watu husimama wima mwanzo mpaka mwisho, takbira nne, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kusema lile neno la kusikia. Nikalisema hata hivyo, moyoni, mahali pasipo pake. Sijui kama inaruhusiwa na sijamwuliza mtu.

Kwenye takbira ya tatu nilimsikia. Siwezi kudanganya tena katika jambo hili, kwa hiyo nasema ilivyokuwa: nilimsikia, upande wa kulia, kama siku ile. Wenzangu wakaendelea kusimama wameinamisha macho. Nami nikasimama. Sheikh akatoa salamu, tukageuza vichwa kulia, palikuwa na mzee mmoja tu anayepangusa pua.

Nyumbani nilikuta wanawake wamejaa uani na mama amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha vile vile. Jirani alikuwa amemshika mkono, anamwambia pole. Mama alikuwa hajajibu. Aliponiona kwenye uwazi wa makuti akaninyooshea kidole nisogee.

"Mlikuwa wengi?"

"Wengi, mama."

"Safu tatu zilitimia?"

Kwetu maiti anayesimamiwa na safu tatu huhesabiwa hakwenda mnyonge, na nilijua ndilo analotaka kujua. "Zilitimia," nikasema. "Ya nne ikaanza, haikujaa."

"Ya nne walikuwa wangapi?"

"Watano. Na mmoja akaja amechelewa."

"Sita," mama akasema. Kisha akamgeukia jirani, ambaye mkono wake ulikuwa bado mle mkononi mwake, akamwambia, "Ahsante. Nimepoa."